Bure kwa Nani? Uhakiki wa Zana Huria za Mtandaoni katika Ufundishaji wa Kiswahili nchini Kongo

1. Utangulizi

Neno bure katika Kiswahili lina maana mbili ambazo haziko mbali sana. Kitu cha bure ni kile kipatikanacho bila malipo. Lakini kazi ya bure, au safari ya bure, ni ile isiyozaa matunda. Makala haya yanahusu zana za mtandaoni zitolewazo bila malipo, ambazo mwalimu wa Kiswahili anaweza kuzitumia darasani au kujiendeleza kwazo katika taaluma yake: kamusi, mashine za tafsiri, ensaiklopidia, maktaba za hadithi, hifadhi za matini na majarida. Swali letu ni hili: kwa mwalimu anayefundisha Lubumbashi, Likasi, Kalemie, Bukavu au Kisangani, zana hizi ni za bure kwa maana ipi kati ya hizo mbili?

Swali hili si la mzaha. Ibara ya kwanza ya Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Ciluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 nchi yetu ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Haja ya kukifundisha Kiswahili imekua, na mwalimu asiye na vitabu vya kutosha hana budi kuigeukia simu yake. Huko anakuta mengi, tena bila kuulizwa fedha mlangoni.

Ni rahisi kuzisifu zana hizi kwa wingi wake, na ni rahisi vilevile kuzilaumu kwa ugeni wake. Mhakiki hatosheki na sifa wala lawama za namna hiyo. Hoja yetu ni kwamba zana ya bure ina mwandishi wake na ina msomaji wake aliyekusudiwa, kama ilivyo kazi yoyote ya maandishi. Na kwamba msomaji huyo aliyekusudiwa ni nadra sana kuwa mwanafunzi wa Kongo. Kwa hiyo zana hizi hutufaa zaidi tukizifanya matini ya kuhakikiwa darasani kuliko tukizikabidhi kazi ya mwalimu.

2. Vigezo vitatu

Ili uhakiki usiwe suala la mtu kupenda au kutopenda, tumejiwekea vigezo vitatu.

Kigezo cha kwanza: zana inabeba Kiswahili cha nani? Orodha ya kimataifa ya alama za lugha, ISO 639-3, iliyotolewa mwaka 2007, inatofautisha Kiswahili cha Kongo, chenye alama swc, na Kiswahili cha pwani na sanifu, chenye alama swh. Lakini programu nyingi hutumia alama fupi ya herufi mbili, sw, isiyotofautisha lolote. Na kilichomo ndani yake kwa kawaida ni Kiswahili sanifu cha Tanzania na Kenya. Hata hiyo alama swc yenyewe inakusanya mengi mno katika kapu moja. Kiswahili cha Lubumbashi, cha Bukavu, cha Kisangani na cha Bunia vina tofauti ambazo kila msafiri anazisikia kabla hajashusha mizigo.

Kigezo cha pili: zana inamfikisha msomaji kwenye Kiswahili kwa kupitia lugha gani? Mwanafunzi wetu amesoma kwa Kifaransa. Zana inayofafanua Kiswahili kwa Kiingereza inamdai kwanza ajue lugha nyingine, ambayo mara nyingi anaijua kwa shida.

Kigezo cha tatu: je, zana inahifadhika? Yaani, inaweza kunakiliwa, kubebwa na kutumika pale ambapo umeme umekatika na megabaiti zimekwisha? Zana isiyohifadhika si ya bure hata kwa maana ya kwanza ya neno, kwa kuwa kila ufunguzi wa ukurasa ni malipo kwa kampuni ya simu.

3. Kamusi na mashine za tafsiri

Tuanze na kamusi, kwa sababu ndiyo zana ambayo mwanafunzi huikimbilia kwanza. Mwaka 1994 Martin Benjamin alianzisha mradi wa kamusi hai ya Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani. Ulikuwa mradi wa mapema sana katika historia ya mtandao: kamusi ya Kiswahili na Kiingereza, wazi kwa wote, iliyowaalika wasomaji wenyewe kuongeza maneno. Fikra hiyo ilikuwa njema, na hadi leo ina la kutufundisha. Lakini baada ya miaka kadhaa mradi ule uliondoka Yale, na anwani iliyokuwa ikitajwa katika vitabu vya wanafunzi haikumfikisha tena mtu pale alipotaka. Kigezo cha tatu kinajionyesha hapa pasipo haja ya maelezo mengi: kitabu kilichonunuliwa hubaki rafuni hata mchapishaji akifunga duka, ilhali ukurasa wa bure huondoka pamoja na mwenyewe.

Kuhusu kigezo cha pili, hali ni nzito zaidi. Lugha ya Kifaransa haikukosa kamusi za Kiswahili. Sacleux, padre wa Shirika la Roho Mtakatifu aliyefanya kazi Zanzibar na Bagamoyo, alitoa kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa kuanzia mwaka 1939. Lenselaer akatoa ya kwake Paris mwaka 1983. Lakini zana za bure zilizoenea katika simu zimejengwa hasa juu ya jozi ya Kiswahili na Kiingereza. Somo la Kiswahili la Duolingo, lilipofunguliwa mwaka 2017, lilikuwa kwa wasemaji wa Kiingereza. Mwanafunzi wa Lubumbashi aliyetaka kulitumia ilimbidi ajifanye Mwingereza ili afundishwe lugha anayoisema tangu utotoni.

Mashine za tafsiri zinaonekana kuiondoa taabu hiyo, maana zinakubali jozi ya Kifaransa na Kiswahili moja kwa moja. Google iliongeza Kiswahili katika huduma yake ya tafsiri mwaka 2009. Hata hivyo, tafsiri kati ya lugha mbili zisizo Kiingereza mara nyingi imekuwa ikipitishwa kwanza katika Kiingereza, hata kama msomaji haoni. Athari yake si ya kinadharia tu. Kifaransa hutofautisha tu lis na vous lisez. Kiswahili hutofautisha unasoma na mnasoma. Lugha zetu mbili zinakubaliana katika jambo hili: zote zinajua kwamba kumwambia mmoja si sawa na kuwaambia wengi. Kiingereza cha leo kimeipoteza tofauti hiyo katika kiwakilishi cha nafsi ya pili. Basi sentensi inayoingia kwa Kifaransa ikiwa na wingi ulio wazi, ikipitia mlango huo wa kati, inaweza kutokea kwa Kiswahili ikiwa imepungukiwa na kile ambacho lugha zote mbili za mwanzo na mwisho zilikuwa nacho. Mwalimu akilionyesha jambo hili darasani, wanafunzi hujifunza sarufi ya lugha tatu kwa mpigo mmoja. Asipolionyesha, hujifunza kosa.

4. Neno moja: kutumika

Tuchukue sasa mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Katika Lubumbashi mtu anaweza kusema: Baba anatumika ku masomo, njo maana batoto yake banasoma. Kila msemaji wa mji huu anaelewa kwamba baba huyo ameajiriwa shuleni, na kwamba ndiyo sababu watoto wake wanapata elimu. Sasa tuitazame sentensi hiyo kwa macho ya kamusi sanifu. Masomo ni yale mambo yanayosomwa, si mahali pa kusomea. Kutumika ni kufanyiwa matumizi, kama kalamu au jembe. Ku haimo katika orodha ya vihusishi. Njo haijulikani. Batoto na banasoma si maneno. Msomaji wa kamusi hiyo atahitimisha kwamba kuna baba ambaye anatumiwa katika vipindi, kama chaki, na kwamba sentensi yote ni mchafuko.

Lakini mhakiki wa lugha anaona jambo jingine. Kiambishi ba- kinatokea mahali pale pale ambapo sanifu huweka wa-, katika nomino na katika kitenzi pia. Huo ni upatanisho wenye kanuni. Ku na mu ni viambishi vya mahali ambavyo sanifu yenyewe inavyo katika huku, kule, humu na mle. Njo ni ndugu wa ndiyo. Na kutumika kwa maana ya kufanya kazi si uzushi wa Katanga: shina hilo hilo ndilo lililotupa kutumikia, utumishi na mtumishi, na Serikali ya Tanzania huwaita wafanyakazi wake watumishi wa umma. Pwani imelibakiza neno hilo katika nomino. Katanga imelibakiza katika kitenzi.

Hapa ndipo lilipo jambo lenye uzito kwetu. Mwanafunzi akiandika sentensi ile katika zana ya bure, zana haimwambii kwamba anasema lahaja yenye kanuni zake. Humwonyesha kwamba neno halipo, au humrudishia maana ya ajabu, au huligeuza neno lake kimya kimya kuwa neno jingine. Mwalimu mzuri hulisahihisha kosa na kulieleza. Mashine hulisahihisha bila kueleza. Mwanafunzi akirudishiwa jibu la namna hiyo mara nyingi, mwisho huamini kwamba lugha ya mama yake ni upungufu wa lugha ya watu wengine. Shule ya ukoloni iliwahi kulitia wazo hilo vichwani mwa wazee wetu, ilipotenga Kiswahili bora na kile walichokiita Kingwana. Ingekuwa ajabu kama tungelipokea upya mikononi mwa simu kwa sababu tu safari hii halikuombewa ada.

Wapo watengenezaji waliolitambua tatizo. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, mkusanyo wa tafsiri uitwao TICO-19 uliviweka Kiswahili cha pwani na Kiswahili cha Kongo kama lugha mbili tofauti za kutafsiriwa. Sababu yake inaeleweka. Mashariki ya nchi yetu ilikuwa imetoka katika mlipuko wa Ebola ulioanza mwaka 2018 na kuua watu zaidi ya 2,200, na palipo na homa ya namna ile tangazo lisiloeleweka hugharimu maisha. Ni jambo la kusikitisha, lakini ni la kweli: Kiswahili cha Kongo kilipewa safu yake katika majedwali ya kompyuta pale ilipoonekana kwamba kukisahau kunaua.

5. Ensaiklopidia na maktaba za hadithi

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na leo ina makala zaidi ya 70,000. Baadhi yake ziliandikwa wakati wa shindano lililodhaminiwa na Google kuanzia mwaka 2009 miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Kwa wingi huo mtu angedhani mwalimu amepata kila kitu. Lakini makala nyingi ni fupi, baadhi ni mistari michache juu ya kijiji au mchezaji, na ubora hutofautiana ukurasa hadi ukurasa. Anayeitumia kama kitabu cha kiada atapotea njia mara kwa mara.

Hata hivyo ensaiklopidia hii ina fadhila moja ambayo kitabu cha kiada hakina: kila ukurasa una historia yake. Msomaji anaweza kuona ni lini sentensi iliandikwa, ni lini ilibadilishwa, na ilisemaje kabla ya hapo. Wanaosomea uhakiki wa matini wanajua thamani ya jambo hili. Wataalamu wa utenzi hutumia miaka mingi kulinganisha miswada ili kuona mkono wa mnakili. Hapa mikono yote imeachwa wazi. Mwalimu akichagua ukurasa mmoja unaohusu Kongo, akawaagiza wanafunzi walinganishe hali yake ya zamani na ya sasa, wahakiki istilahi, wahakiki ukweli, kisha wausahihishe, atakuwa amefundisha uhakiki kwa vitendo. Aidha, programu ya Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, inawezesha ensaiklopidia nzima kunakiliwa katika kadi ya kumbukumbu na kusomwa bila mtandao. Kwa kigezo cha tatu, basi, zana hii imefaulu vizuri kuliko nyingine zote tulizozitaja hadi sasa.

Kwa walimu wanaoandaliwa kufundisha shule za msingi, mradi wa African Storybook, uliozinduliwa mwaka 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, umeweka hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Thamani yake haimo katika hadithi zenyewe tu, ambazo nyingine ni nzuri na nyingine ni nyepesi mno. Imo katika ruhusa: mwalimu anaruhusiwa kuichukua hadithi, kuitafsiri upya, kuibadilisha kulingana na darasa lake, na kuichapisha. Ruhusa hiyo ndiyo inayoitenganisha zana iliyo huria na ile iliyo bure tu. Ya bure tu tunaipokea kama ilivyo. Iliyo huria tunaweza kuitengeneza iseme jinsi tusemavyo. Mwalimu anaweza kuandaa hadithi moja kwa namna mbili, kwa Kiswahili cha Lubumbashi na kwa sanifu, zikae ukurasa mmoja zikitazamana. Mtoto akizisoma zote mbili atajua kwamba anahamia nyumba ya pili bila kuibomoa ya kwanza.

6. Hifadhi iliyo mbali na mwenyewe

Zana inayotugusa zaidi ni ile yenye maneno yetu wenyewe. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti na kufundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, alikusanya kanda nyingi za mazungumzo ya Kiswahili cha mji huu. Akiwa Chuo Kikuu cha Amsterdam, alishirikiana na Vincent de Rooij kuweka mtandaoni hifadhi ya matini za Kiswahili cha watu wa kawaida, zisomwe na yeyote bila malipo. Humo kuna historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya chama cha waliokuwa maboyi, yaani watumishi wa nyumbani. Kuna mazungumzo na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyeichora historia ya nchi katika picha takriban 100. Na kuna mazungumzo ya mwaka 1974 na mganga Kahenga, ambayo Fabian aliyarudia katika kitabu alichotoa mwaka 2008.

Kitabu hicho kinafaa kusomwa na kila mwalimu anayejiuliza mtandao unabadilisha nini katika taaluma. Hoja yake ni kwamba matini nzima ikishawekwa wazi, mtafiti haandiki tena kwa niaba ya matini. Anaandika ufafanuzi pembeni yake, na msomaji anaweza kumpinga kwa kurejea maneno yenyewe. Zamani tulipewa dondoo mbili tatu tukaamini. Sasa tunaweza kuuliza: je, alichosema mganga ndicho alichokielewa profesa?

Kwa vigezo vyetu hifadhi hii inapata alama za kuchanganyika. Kwa kigezo cha kwanza haina mfano: ni Kiswahili chetu, kwa vinywa vyetu. Kwa kigezo cha pili, tafsiri na maelezo yamo kwa Kiingereza. Lakini mwanafunzi wa Lubumbashi anaweza kuyaacha hayo na kusoma safu ya Kiswahili, na huenda akaona makosa ya usikivu ambayo mgeni hakuyaona. Kwa kigezo cha tatu tuna wasiwasi. Maneno ya André Yav yaliandikwa hapa, kwa ajili ya watu wa hapa, na nakala yake rahisi kuipata iliwekwa Ulaya. Yaliyotokea Yale yanaweza kutokea mahali popote. Maktaba ya idara isiyo na nakala yake yenyewe ya matini hizi, katika diski na katika karatasi, imeazima kumbukumbu yake.

Kuna kinaya kingine ambacho hatuwezi kukipita kimya. Kazi kamili zaidi juu ya Kiswahili cha mji wetu, sarufi pamoja na matini na msamiati, ilitolewa mwaka 2014 na Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa. Wawili wa mwisho ni wasomi wa Lubumbashi. Ipo kwa Kifaransa, hivyo inatimiza kigezo cha pili. Inahusu lugha yetu, hivyo inatimiza cha kwanza. Lakini iliuzwa na mchapishaji wa Paris kwa bei ya Paris. Kwa hiyo mwanafunzi hupata bure Kiswahili cha watu wengine, na hudaiwa fedha ili asome juu ya Kiswahili chake. Hatumlaumu mchapishaji, ambaye ana gharama zake. Tunasema tu kwamba ramani ya vitu vya bure hailingani na ramani ya mahitaji.

7. Kujiendeleza kwa mwalimu

Kuhusu taaluma ya mwalimu mwenyewe tutasema kwa ufupi, maana hapa mambo ni mepesi zaidi. Jarida la Swahili Forum, lililoanzishwa Ujerumani mwaka 1994, husomwa bila malipo, na baadhi ya makala yake yameandikwa kwa Kiswahili. Mkusanyo wa matini wa Helsinki, wenye maneno takriban milioni 25, unamwezesha mtafiti kutafuta neno na kuona linavyotumika katika magazeti na vitabu vya sanifu. Mradi wa TESSA, uliozinduliwa mwaka 2005 ukiongozwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, hutoa masomo ya ualimu kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili. Kwetu sisi huu wa mwisho una manufaa ya pekee, kwani mwalimu anaweza kuiweka sehemu moja ya Kifaransa karibu na ya Kiswahili na kuziona istilahi za ualimu zikizungumza.

Tahadhari ni moja. Mkusanyo wa Helsinki utamwambia mtafiti kwamba juu ya humaanisha kuwa kileleni mwa kitu au kuhusu jambo fulani. Hautamwonyesha kwa urahisi kwamba Lubumbashi juu ya ni kwa sababu ya, wala kwamba vijana wa Nairobi nao husema juu kwa maana iyo hiyo ya kwa sababu. Milioni 25 ni maneno mengi. Lakini bahari haipimwi kwa mtungi, hata uwe mkubwa kiasi gani.

8. Pendekezo la somo

Uhakiki usiomwacha mwalimu na la kufanya Jumatatu asubuhi ni uhakiki nusu. Tunapendekeza somo moja la wiki tatu, linalohitaji kompyuta moja yenye programu za bure ambazo zikishapakuliwa hazidai mtandao tena: Audacity kwa kurekodi, ELAN kwa kunakili maneno sambamba na sauti, na Praat, ya Chuo Kikuu cha Amsterdam, kwa kuchunguza sauti zenyewe.

Wiki ya kwanza kila kundi la wanafunzi lirekodi, kwa idhini ya msemaji, dakika tano za mazungumzo ya mzee mmoja wa mtaani juu ya kazi aliyoifanya. Wiki ya pili wayanakili maneno yake kama yalivyosemwa, bila kuyasafisha, kisha wayaandike upya kwa Kiswahili sanifu na kwa Kifaransa. Hapo watalazimika kuamua maana ya kutumika, ya njo na ya juu ya, na kila uamuzi wautetee. Wiki ya tatu, na si kabla, waiingize matini katika kamusi na mashine ya tafsiri, na waandike ripoti: mashine imeelewa nini, imepotosha nini, na kwa sababu gani. Mwishoni nakala moja ya sauti na maandishi ibaki katika maktaba ya idara.

Mpango huu unaugeuza utaratibu wa kawaida. Mashine haiwi tena hakimu anayempa mwanafunzi alama. Mwanafunzi ndiye anayeipa mashine alama. Na baada ya miaka kumi idara itakuwa na hifadhi yake, iliyokusanywa na wenyewe, kwa gharama ya betri na subira.

9. Hitimisho

Atatokea wa kutuuliza: je, si sanifu tunayoifundisha? Kama ndivyo, zana za sanifu zina kosa gani? Tunakubali kwamba sanifu ni ya kufundishwa, na kwa bidii zaidi sasa ambapo wanafunzi wetu watashindana na kushirikiana na wenzao wa Dodoma, Nairobi na Bujumbura. Asiyeimudu sanifu atanyamaza katika vikao vya Jumuiya. Lakini hakuna mtu anayevuka mto bila kuanzia ukingo mmoja. Mwalimu anayejua kwamba mwanafunzi wake anasema batoto kwa kanuni, anaweza kumwonyesha njia fupi ya kufika kwenye watoto. Mwalimu anayedhani kwamba anasema batoto kwa ujinga, atampigia kelele tu. Na zana iliyotengenezwa bila kumfikiria mwanafunzi huyo itampigia kelele hizo hizo kwa sauti ya chini.

Zana za bure, basi, si adui na si mwokozi. Zilizo huria tuzichukue, tuzibadilishe, tuzirudishe zikiwa na maneno yetu ndani yake. Zilizo za bure tu tuzitumie kwa kuzihoji. Na zile ambazo bado hazipo, yaani kamusi huria ya Kiswahili cha Kongo kwa Kifaransa, na hifadhi ya sauti iliyo mikononi mwa idara zetu, tusizingoje kutoka Yale wala Amsterdam. Waliotangulia walizianza kazi zao wakiwa na swali na wanafunzi. Sisi navyo tunavyo, na tena tuna mzee wa mtaani, ambaye bado yupo na ana mengi ya kusema akiulizwa.